Vitufe Vilivyohamia Kushoto: Uchambuzi wa Kisa cha Ubuntu 10.04

Mwanzoni mwa Machi 2010, watu waliokuwa wakilijaribu toleo la 10.04 la Ubuntu, mfumo endeshi wa kompyuta wa bure wa aina ya Linux, kabla halijatoka rasmi walisasisha kompyuta zao kama walivyozoea, wakaziwasha upya, na wakakuta vitufe vitatu vya kila dirisha, yaani cha kufunga, cha kushusha na cha kukuza, vimehama kutoka pembe ya juu ya kulia na kuwekwa pembe ya juu ya kushoto. Hawakuulizwa kama wanataka mabadiliko hayo, wala hawakupewa maelezo kabla hayajawafikia. Mkono ulikwenda kulia kama ulivyokwenda kwa miaka, ukakuta upau mtupu.

Upau wa kichwa, yaani ule mkanda mwembamba wa juu ya dirisha unaobeba jina la programu au la faili lililofunguliwa, huchukua sehemu ndogo sana ya skrini. Hata hivyo kazi inayofanyika hapo ni kubwa. Mtumiaji huushika ili kulivuta dirisha, huubofya mara mbili ili kulikuza, na huufikia pembeni ili kulifunga, mara nyingi jicho likiwa bado kwenye jambo jingine. Mtu aliyewahi kuwafundisha wanaoanza kutumia kompyuta anajua kwamba pembe hiyo ni miongoni mwa mambo ya kwanza kufundishwa, na kwamba baada ya wiki chache mwanafunzi hawezi tena kukueleza vitufe viko wapi mpaka umwache aelekeze kwa kidole, kwa sababu elimu hiyo imeshahama kutoka kichwani na kukaa mkononi. Ndiyo maana nakichambua kisa hiki kwa uzito: kubadilisha sura ya upau wa kichwa huhesabiwa kuwa pambo, kama kubadilisha picha ya nyuma ya skrini, ilhali rangi ya upau inaweza kubadilika kila siku bila kumsumbua mtu, lakini kitufe kikisogea, kila mtumiaji analazimika kujifunza upya.

Ni haki kukiri mapema kwamba hakuna upande ulio wa vitufe kwa asili. Kompyuta ya Macintosh ya mwaka 1984 ilikuwa na kisanduku cha kufungia dirisha upande wa kushoto, na Mac OS X ilipotoka mwaka 2001 iliviweka vitufe vyote vitatu, chekundu, cha njano na cha kijani, upande huohuo. Katika Windows 3.1, vitufe vya kushusha na kukuza vilikuwa kulia, na aliyetaka kufunga alibofya mara mbili kisanduku cha kushoto. Ni Windows 95, iliyotoka Agosti 1995, iliyoiweka alama ya X mwisho kabisa wa upande wa kulia, ikawazoesha watu wengi zaidi kuliko mfumo wowote mwingine. Na hata humo, anayeiweka Windows yake kwa Kiarabu huona madirisha yamegeuzwa kama kwenye kioo na vitufe vimekaa kushoto, kwa kuwa maandishi yenyewe huanzia kulia. Ubuntu, tangu toleo lake la kwanza la Oktoba 2004, ilifuata desturi ya kulia, na upande wa kushoto ikaacha alama ndogo tu ya kufungulia orodha ya dirisha.

Mabadiliko ya 2010 hayakuja peke yake. Kampuni ya Canonical, iliyoanzishwa na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, ilikuwa ikiibadilisha sura nzima ya Ubuntu: rangi ya kahawia iliyoutambulisha mfumo tangu mwanzo iliachwa, zikaja zambarau na machungwa, na pamoja nazo mandhari mbili mpya, Ambiance yenye pau nyeusi na Radiance yenye pau za rangi ya mwanga. Vitufe vya kushoto vilikuja ndani ya mandhari hizo. Yote haya yalifanyika mwishoni mwa mzunguko wa utengenezaji, wakati ambapo mwonekano hutakiwa kuwa umeshatulia ili waandishi wa miongozo na wafasiri wamalize kazi yao. Tena 10.04 halikuwa toleo la kupita. Lilikuwa toleo la msaada wa muda mrefu, lililoahidiwa kuhudumiwa miaka mitatu kwa kompyuta za mezani na miaka mitano kwa seva, na kwa hiyo ndilo ambalo shule na ofisi zingelichagua ili zisisumbuliwe na mabadiliko.

Malalamiko yalikusanyika katika ripoti moja ya hitilafu kwenye Launchpad, tovuti ambako hitilafu za Ubuntu huripotiwa, nambari 532633, iliyoomba kwa adabu kwamba mpangilio wa vitufe urudishwe ulivyokuwa. Maoni yalifika mamia. Wengine walieleza hoja za kiufundi, wengine walieleza hasira tu, na wengi waliuliza swali moja ambalo kwangu ndilo kiini cha kisa: sababu ni nini? Shuttleworth aliingia mwenyewe katika mjadala na kujibu kwamba jambo hili si la demokrasia. Maoni mazuri na takwimu nzuri zinakaribishwa, alisema, lakini maamuzi ya usanifu hayapigiwi kura.

Jibu hilo liliwachoma wengi, na si vigumu kuelewa kwa nini. Jina Ubuntu ni ndugu wa neno letu utu. Mzizi ni ule mmoja wa lugha za Kibantu, na kwa miaka mradi huu ulijitambulisha kuwa ni Linux kwa ajili ya binadamu. Aliyeuchukua mradi kwa jina lake alitegemea kusikilizwa. Lakini nikilipima jibu lenyewe kwa utulivu, naliona lina ukweli mkubwa ndani yake. Usanifu unaopigiwa kura huishia kuwa mkusanyiko wa vipande visivyoelewana, na mtu akizoea jambo, kila badiliko humwonekea baya hata likiwa na manufaa. Kosa la Canonical halikuwa kukataa kura. Kosa lilikuwa kwamba waliosema takwimu zinakaribishwa hawakuwa wameweka zao mezani, na kwamba sababu ilikuja baada ya badiliko, ikitolewa kwa vipande kadiri maswali yalivyozidi.

Sababu yenyewe, ilipotolewa, ilikuwa hii: kuhamishia kila kitu kushoto kungeuacha wazi upande wa kulia wa upau, na nafasi hiyo ingetumika kwa majaribio mapya katika toleo la 10.10. Mwezi Mei 2010, baada ya 10.04 kutoka tarehe 29 Aprili, Shuttleworth alieleza majaribio hayo ni yapi. Yalikuwa viashiria vidogo ambavyo kila dirisha lingevibeba kwenye kona yake ya kulia, kwa mfano kuonyesha kwamba faili halijahifadhiwa, au kumwezesha mtumiaji kupunguza sauti ya programu moja bila kuigusa nyingine. Wazo hilo lilikuwa zuri, nami bado naliona zuri. Lakini 10.10 ilitoka Oktoba bila viashiria hivyo, na matoleo ya baadaye pia hayakuvileta. Mamilioni ya mikono ilikuwa imeshahamishwa ili kupisha samani ambayo haikufika.

Kuhusu hoja za kiufundi, mjadala ulikuwa na kina zaidi kuliko kelele zake zilivyoonyesha. Kuna kanuni iliyotokana na kazi ya mwanasaikolojia Paul Fitts ya mwaka 1954, inayosema kwamba muda wa kukifikia kitu unategemea umbali wake na ukubwa wake: kilicho karibu na kikubwa hufikiwa upesi, kilicho mbali na kidogo huchelewa. Waliotetea kushoto walisema kwamba menyu za programu, orodha kuu ya mfumo na mwanzo wa maandishi vyote viko kushoto, kwa hiyo kishale kinakaa huko muda mwingi na safari ya kwenda kwenye vitufe ingekuwa fupi. Waliopinga waliitumia kanuni ileile kwa upande wake wa hatari. Kama kitufe cha kufunga kipo vidole viwili tu juu ya menyu ya faili, basi anayekusudia kuhifadhi kazi yake anaweza kuifunga kwa kuteleza kidogo. Kitufe kinachoharibu hakipaswi kuwa jirani wa kitufe kinachotumika kila dakika. Mimi naiona hoja hii ya pili kuwa nzito zaidi, kwa sababu sekunde inayookolewa kwa ukaribu haifanani na ukurasa unaopotea kwa kuteleza, hata kama programu nyingi huuliza kabla ya kufunga kazi ambayo haijahifadhiwa.

Mpangilio wa vitufe vyenyewe ulizua tatizo jingine. Katika matoleo ya mwanzo ya majaribio, vitufe vilihamia kushoto kwa utaratibu wa kukuza, kushusha, kisha kufunga, hivyo kitufe cha kufunga kikawa cha ndani kabisa, si cha pembeni. Huu haukuwa mpangilio wa Windows, haukuwa wa Mac, na haukuwa wa Ubuntu ya zamani. Aliyetoka kwenye mfumo wowote kati ya hiyo alikosea. Kabla ya toleo rasmi Canonical ilirekebisha, ikakiweka cha kufunga pembeni kabisa, kikifuatwa na cha kushusha na cha kukuza. Hapo inaonekana kwamba maoni yaliyotolewa kwa hoja yalisikilizwa kweli, na jambo hilo halitajwi vya kutosha na wanaokumbuka kisa hiki kama hadithi ya kiburi tu.

Sasa niingie katika sehemu ambayo kwa maoni yangu ina mafunzo mengi zaidi kwa yeyote anayetengeneza au anayebinafsisha madirisha. Mjadala wote ule mkubwa ulihusu mstari mmoja wa maandishi. Msimamizi wa madirisha wa wakati huo, yaani programu inayochora pau na kingo za madirisha, aliitwa Metacity, naye alisoma mpangilio wa vitufe kutoka kwenye ufunguo mmoja wa mipangilio, na thamani ya zamani ya ufunguo huo ilikuwa hivi:

menu:minimize,maximize,close

Thamani mpya ya 10.04 ikawa hivi:

close,minimize,maximize:

Nukta pacha ndiyo katikati ya upau. Kila kinachoandikwa kabla yake hukaa kushoto, kila kinachoandikwa baada yake hukaa kulia, na utaratibu wa maneno ndio utaratibu wa vitufe. Asiyetaka kitufe cha kukuza analifuta neno lake, na anayetaka cha kufunga kikae peke yake upande wa pili anakihamishia ng'ambo ya nukta. Sijaona mahali pengi ambapo uhuru mkubwa hivyo umewekwa katika maandishi mafupi hivyo. Aliyetaka vitufe virudi kulia alifungua terminali, yaani dirisha la kuandikia amri, na kuandika amri hii moja:

gconftool-2 --set /apps/metacity/general/button_layout --type string "menu:minimize,maximize,close"

Vitufe viliruka palepale, bila kuzima wala kuwasha kompyuta. Msimamizi wa maabara yenye kompyuta ishirini aliweza kuiandika thamani hiyo katika hazina ya chaguo-msingi iliyo chini ya /etc/gconf, ili kila anayefungua akaunti kwenye mashine akute vitufe vilipozoeleka. Mandhari nayo ilikuwa na sauti katika jambo hili, kwani faili la index.theme la Ambiance lilibeba mstari wake wa ButtonLayout, na kwa njia hiyo uchaguzi wa sura uliambatana na uchaguzi wa mpangilio.

Tatizo ni kwamba uhuru huu ulikuwa umefichwa. Katika dirisha la mipangilio ya mwonekano, ambamo mtumiaji wa kawaida huchagua mandhari na fonti, hapakuwa na mahali pa kuchagua kushoto au kulia. Ilimbidi ajue kwamba kuna programu iitwayo gconf-editor, ajue njia ya kufika kwenye ufunguo, na aelewe maana ya nukta pacha. Karani au mwalimu ambaye kompyuta yake ilisasishwa na mtu mwingine asingeweza kugundua hayo peke yake, na asingeweza kujua hata neno la kutafuta. Nasisitiza hili kwa sababu mara nyingi wapenzi wa programu huria hujibu malalamiko kwa kusema kwamba kila kitu kinaweza kubadilishwa. Kinaweza, kwa anayejua. Kama Canonical ingeweka katika dirisha la mwonekano swali moja lenye majibu mawili, vitufe kushoto au vitufe kulia, naamini ripoti ile isingefika maoni mamia, na majaribio ya upande wa kulia yangeendelea kwa walioyapenda.

Yaliyofuata yalibana uhuru zaidi. Aprili 2011, toleo la 11.04 lilileta eneokazi la Unity, yaani sura nzima ya skrini ambamo madirisha na menyu hukaa, na humo dirisha likikuzwa lijaze skrini, upau wake ulimezwa na upau wa juu wa mfumo na vitufe vyake vilionekana kwenye pembe ya juu kushoto. Hapa hatimaye kushoto kulipata sababu inayoonekana, kwa kuwa nafasi ya wima iliokolewa kwenye skrini fupi za kompyuta ndogo, na kulia kulikaliwa na viashiria vya mfumo. Lakini kwa madirisha yaliyokuzwa, mahali pa vitufe palikuwa pamekazwa ndani ya msimbo, na ufunguo wa zamani haukuweza kupagusa. Kilichoanza kama thamani inayobadilishwa kwa amri moja kikawa ukuta. Mwezi huohuo toleo la tatu la GNOME, eneokazi ambalo Ubuntu ililitumia kabla ya Unity, lilitoka kwa njia yake tofauti: lilivibakisha vitufe kulia, lakini likaondoa cha kushusha na cha kukuza kwa chaguo-msingi, likabaki na cha kufunga tu. Watu walilalamika tena, ila safari hii mstari wenye nukta pacha ulikuwa bado unafanya kazi, na baadaye programu ya GNOME Tweaks ikaweka swichi zinazoonekana, mpaka ile ya kuchagua kushoto au kulia.

Tarehe 5 Aprili 2017 Shuttleworth alitangaza kwamba Canonical inaachana na Unity. Timu ya eneokazi ilipokuwa ikijiandaa kurudi GNOME, ilifanya jambo ambalo halikufanyika mwaka 2010: iliwauliza watumiaji waziwazi kwa dodoso, na miongoni mwa maswali likawemo la upande wa vitufe. Waliochagua kulia walikuwa wengi zaidi, ingawa si kwa tofauti kubwa, jambo linaloonyesha kwamba miaka saba ilitosha kuwafanya wengi waone kushoto kuwa ndiko kwao. Ubuntu 17.10 ilipotoka tarehe 19 Oktoba 2017, vitufe vilikuwa kulia. Wale waliozoea kushoto waliandikiwa miongozo ya kuvirudisha kwa amri inayofanana sana na ile ya zamani, isipokuwa hazina ya mipangilio ilikuwa imebadilika:

gsettings set org.gnome.desktop.wm.preferences button-layout 'close,minimize,maximize:'

Anayedhani hapo mambo yamekwisha atashangaa akiifungua kompyuta yake leo. Tangu toleo la 3.10 la GTK, maktaba ya msimbo ambayo programu za GNOME huitumia kuchora madirisha yao, la mwaka 2013, programu nyingi za GNOME zinachora upau wa kichwa zenyewe, zikiweka humo vitufe vya kazi, kisanduku cha kutafutia na menyu, badala ya kumwachia msimamizi wa madirisha. Nafasi ya skrini inaokolewa, na hilo ni jema. Lakini maana yake ni kwamba hakuna tena mwenye upau mmoja. Programu za GTK hufuata mpangilio wa mfumo kwa sababu maktaba yenyewe inausoma. Programu nyingine, hasa zile zinazobeba kivinjari kizima ndani yake, zinaweza kuchora vitufe vyake kwa mtindo wake, kwa rangi zake, na mahali pake, hata kama mtumiaji ameagiza vingine. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na madirisha manne mbele yake, matatu yakiwa na vitufe kushoto kama alivyotaka na la nne likiwa navyo kulia, na mkono wake ukawa hauna tena makao.

Dawa ya hali hii kwa sasa hupatikana programu kwa programu. Katika Chrome, ndani ya mipangilio ya mwonekano, kuna chaguo la kutumia upau wa kichwa na kingo za mfumo. Katika Firefox, ukurasa wa kupanga upya vitufe vya juu una kisanduku cha kuutia alama upau wa kichwa, na ukikitia alama, mfumo unauchora upya pamoja na vitufe vyake. Watumiaji wa KDE Plasma na wa Xfce, maeneokazi mengine ya Linux, wana heri zaidi, kwa sababu katika mipangilio ya mapambo ya dirisha wanaonyeshwa mfano wa upau, na wanakishika kila kitufe kwa kipanya na kukivuta hadi mahali wanapokitaka, bila kuandika neno wala kujua nukta pacha ni nini. Hilo ndilo swali lenye majibu yanayoonekana ambalo lilikosekana mwaka 2010. Kwenye GNOME ya leo mstari wa maandishi bado upo katika button-layout, unasomeka kama ulivyosomeka kwenye Metacity, na anayeubadilisha huona vitufe vikiruka palepale kwenye kila dirisha ambalo bado linakubali kuusoma.